Vidonge vya Kumbukumbu vya Darajani: Tathmini ya Mnunuzi

Vidonge ninavyovitathmini hapa vinauzwa kwa jina la vidonge vya kumbukumbu katika maduka kadhaa ya virutubisho na dawa za asili yaliyoko kati ya Darajani na Michenzani, mjini Unguja. Chupa ni ya plastiki ya rangi ya kahawia, ina vidonge 60 vya jelatini, na chini ya kifuniko chake mna muhuri wa karatasi ya fedha. Bei niliyotajiwa ni shilingi 45,000, ambayo muuzaji alikataa kuishusha lakini aliilainisha kwa ofa ya kulipia chupa mbili na kupewa ya tatu. Nilichukua zote tatu kwa ajili ya ami yangu, mzaliwa wa Wete, Pemba, aliyekwisha kuingia zamani katika umri wa pencheni jamii ya wazee, ambaye siku hizi huweza kuuliza swali lile lile mara kadhaa kabla kahawa ya asubuhi haijapoa. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu mchanganyiko huu huu nimeuona kwa lebo tofauti katika maduka jirani, na ninayoyasema juu ya chupa moja yanazihusu karibu zote.

Niseme kwanza kuhusu duka, kwa kuwa huduma yake kwa sura ya nje ni nzuri. Ni safi, lina kiyoyozi, bidhaa zimepangwa kwa utaratibu, na kijana aliyekuwa akiuza ni mtu wa adabu anayemsalimia mteja vizuri na kumvutia kiti. Nilipomweleza shida iliyonileta alijibu bila kusita: “Shekhe, ubongo wa mtu mzima unapata kutu kama nondo za nyumba ya pwani. Hivi vidonge vinaitoa.” Maelezo hayo hayakuwa ya kijinga, maana kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni, na yale yanayozungumzwa na wanasayansi kuhusu uzee wa ubongo yana undugu na jambo hilo. Kasoro ya huduma ilikuwa katika yale ambayo hayakuulizwa. Hakutaka kujua mgonjwa ana umri gani, ana presha au sukari, anatumia dawa zipi, wala kama tabibu yeyote amewahi kumtazama. Alichoniuliza ni kama nitalipa kwa fedha taslimu au kwa simu.

Lebo imeandikwa kwa Kiingereza, na upande mmoja kwa Kiarabu. Kiswahili hakimo kabisa, ingawa wanaokusudiwa kuzitumia chupa hizi hapa Visiwani wengi wao husoma Kiswahili tu. Kila kidonge kimeandikwa kuwa na miligramu 60 za ginko (dondoo la majani ya mti wenye asili ya China), yuniti 200 za vitamini E, pamoja na manjano na karafuu iliyosagwa, na mtumiaji anatakiwa ameze viwili kwa siku baada ya chakula. Chini ya orodha hiyo yapo madai makubwa: kwamba mchanganyiko huu hupambana na msongo wa oksidi, hulinda seli za ubongo na hurejesha kumbukumbu kwa wazee. Pembeni pamechorwa nguzo za rangi zinazoonyesha karafuu ikiyapita kwa mbali machungwa na mboga za majani kwa nguvu ya antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia uharibifu huo wa oksidi, mchoro ambao kwa msomaji wa Kizanzibari hauna budi kumpendeza.

Dai la kwanza lina ukweli mwingi. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni inayotumiwa na mwili uliopumzika. Oksijeni hiyo hutumika ndani ya mitokondria, yaani sehemu za seli zinazozalisha nishati, na katika kazi hiyo kiasi kidogo chake hugeuka kuwa radikali huru, molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo hunyang'anya elektroni kutoka kwa chochote kilicho karibu, kiwe mafuta ya utando wa seli, protini au vinasaba. Ubongo umejaa mafuta ya aina inayoharibika upesi kwa unyang'anyi huo, na seli zake nyingi za neva hazizaliwi upya zikifa. Mwili nao una ulinzi wake, na walinzi wakuu ni vimeng'enya. Kazi ya kimoja kati ya hivyo, superoksidi dismutasi, ilielezwa mwaka 1969 na Joe McCord na Irwin Fridovich wa Marekani. Pale radikali zinapozidi uwezo wa walinzi hao, hali inayotokea ndiyo msongo wa oksidi.

Wazo la kuufunga uzee na radikali huru lilitolewa mwaka 1956 na Mmarekani Denham Harman, na tangu wakati huo limepata ushahidi wa kutosha wa kuliheshimu. Ubongo wa watu waliofariki wakiwa na ugonjwa wa Alzheimer, unaokula kumbukumbu za mtu polepole, umechunguzwa na kukutwa na alama nyingi zaidi za mafuta, protini na vinasaba vilivyoharibiwa na oksidi kuliko ubongo wa wenzao wa umri uleule waliokuwa wazima. Mtu akiishia hapa katika kusoma, atatoka akiamini kuwa dawa ni kumeza antioksidanti nyingi iwezekanavyo, na waandishi wa lebo wanategemea sana kwamba msomaji ataishia hapa.

Kuna mambo mawili ambayo lebo imeyanyamazia. Alama za uharibifu zinaweza kuwa chanzo cha maradhi, na zinaweza vilevile kuwa matokeo yake, kwa kuwa protini zinazojikusanya katika ubongo wa mgonjwa, mishipa midogo iliyoumizwa na presha na sukari kwa miaka mingi, na uvimbe wa ndani usioonekana kwa macho, vyote huzidisha radikali. Jambo la pili ni kwamba radikali huru si adui mtupu. Seli nyeupe za damu huzitumia kuua vijidudu, na seli nyingine huzitumia kupeana taarifa. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Michael Ristow huko Ujerumani walichapisha matokeo ya vijana waliofanyishwa mazoezi kwa wiki nne, baadhi yao wakipewa vitamini C na E kila siku. Wale wasiopewa vitamini miili yao iliongeza usikivu kwa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kama inavyotarajiwa kwa mtu anayefanya mazoezi. Waliopewa vitamini hawakuipata faida hiyo. Inaonekana msongo mdogo unaotokana na mazoezi ndio unaouamsha mwili ujijengee ulinzi wake, na vidonge vilikuwa vimeuzima wito huo kabla haujasikika.

Tukija kwenye ginko, ambayo ndiyo kiungo kinachotajwa kwa herufi kubwa kuliko vyote, hapana haja ya kubahatisha, kwa sababu imepimwa kwa uzito unaostahili. Utafiti ulioitwa GEM, ambao matokeo yake makuu yalichapishwa mwaka 2008, uliwachukua watu 3,069 wa Marekani wenye umri wa miaka 75 na kuendelea, ukawagawa kwa bahati nasibu, nusu wakipewa miligramu 240 za ginko kwa siku na nusu wakipewa kidonge kitupu cha kufanana nacho, na ukawafuatilia kwa takriban miaka sita. Waliopata dimensia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na akili, katika kundi la ginko walikuwa 277, na katika kundi la kidonge kitupu walikuwa 246. Tofauti hiyo haitoshi kusema kuwa ginko inaleta maradhi, lakini haimwachii mtu yeyote nafasi ya kusema kuwa inayazuia. Msomaji azingatie pia kwamba vidonge viwili vya chupa yangu vina miligramu 120, nusu ya kipimo kilichoshindwa.

Vitamini E ina historia yenye kona zaidi, na ni haki kuieleza yote. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa watu 769 waliokuwa katika hatua ya awali ya kupungukiwa na kumbukumbu. Waliopewa yuniti 2,000 kwa siku kwa miaka mitatu hawakuepukana na Alzheimer zaidi ya wenzao. Mwaka 2014 ukaja utafiti wa wanajeshi wastaafu 613 wa Marekani waliokwisha kuwa wagonjwa kwa kiwango kidogo au cha wastani, na humo kipimo hicho hicho kikubwa kilionekana kuchelewesha, kwa takriban miezi sita, kupungua kwa uwezo wao wa kufanya shughuli za kila siku kama kuvaa na kujihudumia. Katika mitihani ya kumbukumbu yenyewe haikuonekana tofauti ya maana. Kisha mwaka 2017 yakatolewa matokeo ya wanaume zaidi ya 7,500 waliopewa vitamini E ya yuniti 400, au madini ya seleniamu, au vyote viwili, ili kuzuia dimensia, na havikuzuia. Yuniti 400 ndicho kipimo cha vidonge viwili vya chupa hii. Kwa hiyo vitamini E imewahi kuonyesha faida kidogo kwa mgonjwa aliyekwisha kuthibitishwa, kwa kipimo kikubwa mara tano, akiwa chini ya uangalizi wa madaktari. Lebo inamuahidi mtu mwingine kitu kingine.

Karafuu ni jambo la kwetu, na hapa ami yangu ndiye aliyekuwa mkaguzi. Alipoletewa chupa hakutaka kumeza kitu asichokijua. Alikitoa kidonge kimoja akakiweka kwenye kisahani cha kikombe, akakipasua kwa kisu cha kumenyea machungwa, akaumwaga unga wake wa kahawia, akaunusa kwa muda, kisha akaweka chembe kwenye ncha ya ulimi. “Hii si karafuu, mwanangu,” akasema. “Haya makonyo yamesagwa,” yaani vile vikonyo vinavyobeba karafuu. Halafu akaniuliza kama nimeshakunywa chai, nasi tulikuwa tumekunywa pamoja muda si mrefu. Mtu aliyekulia katika mashamba ya Pemba, akichuma na kuchambua karafuu juu ya jamvi tangu utotoni, elimu ya namna hiyo haimtoki upesi. Maradhi ya aina ya Alzheimer kwa kawaida huanza kwa kuishambulia sehemu ya ubongo inayoandika mambo mapya, na yale ya zamani hubaki kwa muda mrefu. Sina maabara ya kuthibitisha alichokisema, ila kati ya pua yake na lebo ile naiamini pua.

Makonyo si kitu kibaya. Hukenekwa mafuta katika kiwanda cha Wawi huko Pemba, na yana eujenoli, kiini kile kile kinachoipa karafuu ukali na harufu. Lakini bei ya makonyo si bei ya karafuu, na mnunuzi aliyelipia karafuu anastahili karafuu. Kubwa zaidi ni ule mchoro wa nguzo. Namba za namna hiyo hutokana na kipimo cha maabara kiitwacho ORAC, kinachopima jinsi kitu kinavyozima radikali ndani ya chupa ya majaribio, na ni kweli kuwa karafuu katika kipimo hicho imo miongoni mwa vilivyo juu kabisa. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa ikichapisha jedwali la namba hizo kwa vyakula vingi, na mwaka 2012 ikaliondoa, kwa maelezo kwamba namba hizo hazina uhusiano na athari ya chakula ndani ya mwili wa binadamu na kwamba kampuni za virutubisho zilikuwa zikizitumia vibaya. Eujenoli ikimezwa hushughulikiwa haraka na ini, na sehemu yake kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja. Kiini cha manjano nacho hupenya utumbo kwa shida, na kile kidogo kinachopenya huvunjwa upesi. Karafuu itaendelea kuwa na heshima yake kwenye pilau, kwenye chai na kwenye kikapu cha uchumi wetu bila ya kubebeshwa kazi ya kurejesha kumbukumbu.

Usalama wa bidhaa ndio ulionifanya niandike tathmini hii badala ya kunyamaza. Ginko inahofiwa kupunguza uwezo wa damu kuganda, na vitamini E kwa kipimo kikubwa huweza kufanya hivyo pia. Wazee wengi hapa kwetu wanatumia aspirini ndogo kila siku kwa ajili ya moyo, na wachache wanatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda; kwa hao, kuongeza vidonge hivi bila ya daktari kujua kunaweza kuwaongezea hatari ya kuvuja damu, hasa ikizingatiwa kuwa mzee huanguka kwa urahisi, na akianguka hugonga kichwa. Hatari hiyo humfuata hata kwenye kung'olewa jino au kufanyiwa upasuaji mdogo. Onyo kuhusu jambo hili limo kwenye chupa, lakini limechapwa kwa herufi ndogo kiasi kwamba ilinibidi nilipige picha kwa simu na kuikuza ndipo nikalisoma. Aidha, katika utafiti mkubwa wa wanaume zaidi ya 35,000 huko Amerika ya Kaskazini, waliopewa vitamini E ya yuniti 400 kwa siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa kidonge kitupu. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2011. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilisema waziwazi kuwa vitamini B na E, mafuta ya aina ya omega na michanganyiko ya virutubisho visipendekezwe kwa lengo la kupunguza hatari ya dimensia.

Lipo pia suala la jelatini ya ganda la kidonge. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe, ya nguruwe au ya samaki, na chupa hii haisemi ni ipi, wala haina alama ya halali. Muuzaji alisema kwa kujiamini kuwa ni ya ng'ombe, bila ya karatasi yoyote mkononi. Wapo watengenezaji wanaotumia maganda ya mimea na kuyaandika hivyo, kwa hiyo si jambo lisilowezekana. Nilitafuta vilevile namba ya usajili ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar kwenye chupa na kwenye boksi lake, sikuiona. Mnunuzi mwingine aitafute kabla ya kulipa.

Sasa swali ambalo kila mtu huniuliza ni kama vilimsaidia. Ami, baada ya yeye mwenyewe kukubali, na baada ya daktari wake kuhakikishiwa kuwa hatumii aspirini, alivitumia hadi chupa ya kwanza ikaisha. Alisema anajihisi mwepesi. Alicheua harufu ya karafuu mchana kutwa, jambo lililowachekesha wajukuu, waliosema babu ananukia kwa daktari wa meno. Katika muda huo huo, hata hivyo, binti yake alihamia kutoka Pemba kuja kuishi naye, dawa zake za presha zikaanza kumezwa kwa wakati badala ya pale anapokumbuka, na akarejea barazani kucheza bao baada ya alasiri, ambako ubishi haumwachi mtu asinzie. Nani kati ya hayo matatu na vidonge aliyeleta wepesi, hakuna awezaye kusema kwa kumtazama mtu mmoja, na ndiyo sababu watafiti huwapa nusu ya watu kidonge kitupu. Swali la asubuhi bado anauliza.

Kama kazi ya vidonge ni hiyo, basi thamani ya fedha ndiyo itakayoamua. Pencheni jamii ya wazee wenye miaka 70 na kuendelea ilianza Zanzibar mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na hata baada ya kuongezwa, chupa moja kwa mwezi ingemeza karibu yote. Kwa fedha kama hizo ningemshauri mtu anunue vitu vyenye ushahidi. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, liliorodhesha mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya dimensia duniani, na yanayogusa nyumba zetu moja kwa moja ni presha, sukari, lehemu, uvutaji sigara, kutofanya mazoezi, upweke, uziwi na uoni hafifu. Mengi ya hayo, kwa njia moja au nyingine, ndiyo yanayozalisha msongo wa oksidi katika mishipa ya ubongo, kwa hiyo anayeishusha presha ya mzazi wake anapigana na kutu ile ile ya muuzaji, isipokuwa anaanzia inakotoka. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2019, uliowahusisha watu zaidi ya 9,000, ulionyesha kuwa kuishusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 badala ya chini ya 140 kulipunguza idadi ya waliopata upungufu wa awali wa kumbukumbu, ingawa kupungua kwa dimensia kamili hakukufikia kiwango cha kuthibitishwa. Kwa mzee anayeyumba akisimama, kiwango cha kushusha ni cha kuamuliwa na daktari, si cha kukisiwa nyumbani.

Uziwi ningependa kuutilia mkazo, kwa kuwa hatuujali. Mzee asiyesikia huacha kujibu, watu huacha kumsemesha, na baada ya muda familia nzima huafikiana kuwa akili zake zimepungua, wakati ambapo pengine masikio yake yameziba nta inayoweza kusafishwa hospitali. Hali kadhalika miwani ya kusomea msahafu, ambayo huvunjika mkono mmoja na kufungwa uzi kwa miaka. Na kabla ya kununua kitu chochote cha kuongeza kumbukumbu, mtu atazame kile kinachoipunguza: piritoni inayomezwa kila usiku ili kuleta usingizi inaweza kumvuruga mzee akili, na metfomini ya sukari ikitumiwa kwa miaka mingi huweza kushusha vitamini B12, upungufu ambao wenyewe huleta usahaulifu na hutibika. Tezi la shingo lililolegea kazi na huzuni ya muda mrefu, hasa baada ya kufiwa na mwenza, navyo hufanana sana na dimensia. Hayo hupimwa, na hayajulikani kwa kuyakisia dukani. Wazee wetu huomba dua wasirudishwe kwenye umri dhalili, na sioni kuwa dua hiyo inapingana na kipimo cha damu.

Kwa kutenda haki, sisemi kwamba hakuna kidonge chochote kilichowahi kuonyesha dalili njema. Katika majaribio ya COSMOS ya Marekani, yaliyoanza kutoa matokeo ya kumbukumbu mwaka 2022, kidonge cha kawaida chenye mchanganyiko wa vitamini na madini kwa vipimo vya kila siku kilionyesha faida ndogo kwa wazee, huku kiini cha kakao, ambacho ndicho kilichokuwa kikisifiwa kwa antioksidanti zake, hakikuonyesha faida hiyo. Faida hiyo inahitaji kuthibitishwa zaidi, na chupa ninayoitathmini si kidonge cha namna hiyo. Kwa upande wa chakula, mchicha, matembele, samaki, maembe na machungwa havimdhuru mtu, na vimo sokoni Darajani hatua chache kutoka dukani. Ila hata huko nisingependa mtu aahidiwe muujiza, kwa sababu lishe iliyoundwa mahususi kwa ajili ya ubongo ilipopimwa kwa miaka mitatu nchini Marekani, matokeo yakichapishwa mwaka 2023, haikuwapita kwa maana wenzao waliokuwa wakila chakula cha kawaida na kupunguza uzito.

Bidhaa naipa nyota moja kati ya tano, na hiyo ni kwa sababu chupa imefungwa vizuri na tarehe ya mwisho wa matumizi inasomeka. Anayetaka bado kuijaribu, asimpe mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asimpe anayesubiri upasuaji, na aipeleke chupa yenyewe kwa daktari badala ya kumweleza kwa mdomo. Duka nalipa nyota tatu. Nilirudi na zile chupa mbili zikiwa bado na muhuri wake, na ingawa fedha halirudishi, kijana yule alikubali kuzibadilisha na kipimo cha presha cha kufunga mkononi kilichokuwa kwenye kabati la kioo nyuma yake, kwa nyongeza ya shilingi 15,000. Betri hakuzihesabia, na alinionyesha mwenyewe jinsi ya kukifunga, kwa kutumia mkono wake.